Mistari Sita na Kabati la Silantoi

Oldonyo Sambu,
3 Februari 2025

Mpendwa binti yangu Ndeshi,

Niwie radhi kwa kimya changu cha muda mrefu. Tangu Krismasi sijakuandikia, na sina kisingizio cha ugonjwa wala cha safari. Sababu ni kazi yako mwenyewe. Mtu hawezi kusahihisha kurasa zote zile na papo hapo akaandika barua. Kalamu nyekundu na kalamu ya buluu hazikai vizuri katika mkono mmoja.

Huku tu wazima. Mama yako Aikaeli nilimwona Kikwe kwenye ubarikio wa mtoto wa jirani yake; alikuwa na afya njema na maneno mengi, kama kawaida. Mwanangu Oscar yuko Kaloleni na duka lake la vipuri. Yeye ndiye anayenichukulia barua posta mjini, kisha huzitunza ndani ya gari mpaka akumbuke kwamba ana baba. Jua ni kali. Vumbi la Oldonyo Sambu linaingia hata kwenye sukari.

Sasa kazi yako. Ulinitumia tafsiri yako ya maelezo ya ramli ya kale ya Wachina, ile ya mistari sita, ili niipitie Kiswahili chake kabla hujaiwasilisha chuoni. Nimeipitia mara tatu. Una tabia ya kuanza sentensi na kuisahau njiani. Nimezirudisha nyumbani zote. Ifahamike tu kwamba mimi ni mzee wa usharika na sipigi ramli. Ninasahihisha Kiswahili cha ramli, na hilo ni jambo jingine.

Hata hivyo, maelekezo yasiyojaribiwa hayawezi kusahihishwa. Kwa hiyo nilichukua sarafu tatu nikazirusha mezani, kama ulivyoandika: upande wa kichwa ni tatu, upande wa mnyama ni mbili, jumlisha, upate mstari mzima au uliokatika. Hapo ninaelewa. Nisipoelewa ni pale unaposema kwamba baadhi ya mistari hubadilika, na alama ya kwanza ikazaa alama ya pili. Je, mtu afuate alama ipi?

Nauliza kwa sababu nina rafiki, mgane kama mimi, mtu wa heshima zake. Jirani yake ni mama mjane, mkulima na mwuza viazi. Mwana wa mama huyo anafanya kazi Namanga na anataka kumhamishia mama yake huko mwezi wa saba, baada ya mavuno. Siku moja mama huyo alisimama kwenye uzio akamwambia rafiki yangu, "Mwanangu anataka nihame. Wewe unasemaje?" Rafiki yangu akajibu kwamba atalifikiria. Bado analifikiria.

Nijibu kwa barua. Ule ujumbe wako wa simu usio na irabu nimeufuta.

Baba yako mkubwa,
Aminieli

*

Nanjing,
10 Machi 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii haitakaa sana kwenye gari la kaka Oscar. Mimi sijambo. Baridi imepungua, nimevua sweta moja kati ya mawili. Unga wa ugali nimeupata kwa Mkenya mmoja, ni wa njano, lakini ukifumba macho unakaribia. Asante sana kwa masahihisho. Kurasa zilipofika, mwenzangu wa chumbani aliona wino wote ule mwekundu akadhani umeniandikia kwa damu.

Sasa swali la rafiki yako. Kila mstari huwa mchanga au uliokomaa. Ukipata saba au nane, mstari ni mchanga, unakaa ulivyo. Ukipata sita au tisa, umekomaa, na kilichokomaa hakikai: mzima unakatika, uliokatika unaungana. Fikiria ndizi za Kikwe. Mbichi utaiacha wiki nzima na itabaki ndizi mbichi. Ikishaiva sana, kesho utakuta kitu kingine. Kwa hiyo alama ya kwanza inaeleza mahali ulipo, mstari uliokomaa unakuonyesha jambo la kuangalia, na alama ya pili inaonyesha unakoelekea. Hufuati moja ukaiacha nyingine. Ni safari moja. Wala si amri, Baba Mkubwa. Wasomi wa huku wanasema ni njia ya mtu kujisikiliza.

Huyo rafiki yako, samahani, je, amehamisha kiti chake cha barazani hivi karibuni? Nauliza kwa sababu Mama ameniambia kwenye simu, naye amesikia kwa kaka Oscar, kwamba wewe umehamisha chako, na sasa kinaelekea uzio wa Mama Lerionka. Mama anasema jina lake la kwanza ni Silantoi, kwamba anacheka vizuri, na kwamba Lerionka anataka kumpeleka Namanga. Inashangaza jinsi majirani wa watu wa heshima wanavyofanana.

Na kwa nini rafiki huyo asimjibu tu mama wa watu?

Akirusha sarafu, naomba unichoree mistari.

Mwanao,
Ndeshi

*

Oldonyo Sambu,
21 Aprili 2025

Mpendwa Ndeshi,

Barua yako ilifika salama, ikiwa imekalia kiti cha mbele cha gari la Oscar kwa muda ambao hataki kuutaja. Mvua zimeanza vizuri. Mahindi yamefika magotini. Mama yako alikuja Pasaka na akakagua baraza langu kwa macho. Kiti kilihamishwa kwa sababu ya jua. Naomba jambo hilo liishie hapo.

Umeuliza kwa nini rafiki yangu asijibu tu. Mtu aliyefundisha miaka mingi hajibu swali kabla ya kujiandaa.

Rafiki yangu alirusha sarafu hapa mezani kwangu, mlango ukiwa umefungwa. Mrusho wa kwanza ulileta wanyama watatu, yaani sita: mstari uliokatika, tena uliokomaa. Baada ya hapo mistari yote ilikuwa michanga: uliokatika, mzima, uliokatika, mzima, mzima. Aliiandika kwa mpangilio na kwa rula, wa kwanza juu kabisa na wa sita chini kabisa, kama ifuatavyo:

— —  (umekomaa)
— —
———
— —
———
———

Tukatafuta katika kurasa zako. Ni alama ya hamsini na nne, ngurumo juu ya ziwa: bibi harusi anayekwenda kwa pupa, na mwendo wake hauna faida. Mstari uliokomaa uko kileleni, na maelezo yake ni mabaya kuliko yote: mwanamke ana kikapu kisicho na kitu, mwanamume anachinja kondoo na damu haitoki. Ukibadilika, inazaliwa alama ya thelathini na nane, moto juu ya ziwa: utengano, watu wa nyumba moja wenye nia mbili. Humo heri imo katika mambo madogo tu.

Rafiki yangu si mtu wa kuamini haya. Lakini Jumamosi iliyofuata alimwona mama yule akirudi kutoka sokoni, na kikapu chake kilikuwa kitupu. Kitupu kabisa, Ndeshi. Alikibeba kichwani kimegeuzwa juu chini. Wiki ileile palikuwa na sherehe kwa mzee Kisioki, sote tukaalikwa. Kondoo aliletwa. Rafiki yangu alisogea karibu aangalie. Wazee walimziba kondoo pumzi mpaka akafa, na damu haikutoka hata tone. Rafiki yangu hakula nyama siku hiyo. Alisema tumbo linamsumbua.

Basi ameamua kutosema neno kuhusu Namanga. Lakini kwa kuwa heri imo katika mambo madogo, na kwa kuwa si vizuri kukaa kimya kabisa, nilimpelekea kiberiti. Alishukuru. Wiki iliyofuata nilimpelekea pakiti ya chumvi, halafu vitunguu viwili. Juzi nilipeleka sindano. Aliishika, akaitazama, akanitazama, akasema, "Mwalimu, unanijengea duka?"

Nimesoma tena aya iliyo juu na nimeona kwamba kiwakilishi kimebadilika katikati. Sina karatasi nyingine, kwa hiyo iache kama ilivyo.

Lerionka ameshakodi gari la mizigo kwa ajili ya mwezi wa saba.

Baba yako mkubwa,
Aminieli

*

Nanjing,
26 Mei 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Sijambo, mtihani wa mazungumzo nimefaulu, habari nyingine zote ni nzuri na zitasubiri.

UMEISOMA JUU CHINI.

Nisamehe kwa herufi kubwa. Najua ulitufundisha kwamba ni kelele. Hapa ninapiga kelele.

Mistari hii haiandikwi kutoka juu. Huanza chini. Mrusho wa kwanza unakaa chini kabisa, wa pili juu yake, unapanda hivyo hivyo mpaka wa sita unakuwa kileleni. Ni kama ukuta wa tofali: hakuna fundi anayeanza na tofali la kwenye paa. Mimi nimekosea kwa sababu sikuliandika. Huku hakuna anayeliuliza, nikasahau kwamba kwetu hakuna anayelijua. Na wewe umepitia kurasa zile mara tatu!

Nakurudishia humu karatasi uliyonichorea, uigeuze kichwa chini miguu juu. Umeona? Si hamsini na nne tena. Ni hamsini na tatu: mti juu ya mlima. Ni alama ya ndoa inayokwenda kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kama mti unavyokua mlimani, na mwisho wake ni heri. Mti juu ya mlima, Baba Mkubwa, na wewe unaishi wapi, kama si Oldonyo, yaani mlima? Mstari uliokomaa sasa uko chini, mwanzoni mwa safari, na maana yake ni kwamba anayeanza ataona hatari na watu watasema sana, lakini hana kosa. Ukibadilika, haizaliwi alama ya utengano. Inazaliwa ya thelathini na saba, na unajua ya thelathini na saba ni nini? Ni jamaa. Ni watu wa nyumbani, moto ukiwaka ndani na joto lake likitoka nje.

Umegeuza nyumba yenye watu ukapata ugomvi, kwa sababu ya rula!

Na kuhusu kondoo. Waarusha wa Oldonyo Sambu wanapokuwa na sherehe humziba kondoo pumzi tangu mababu zao. Umeishi nao miaka thelathini. Kama kondoo asiyetoa damu angekuwa mkosi wa ndoa, hapo kwenu pasingekuwa na mtoto wa kufundisha. Na kikapu kinachorudi kitupu kutoka sokoni ndicho kila mwuza viazi anachokiomba.

Nimetaka kukupigia simu, lakini kila nikipiga unaniambia jambo zito huandikwa, kisha unakata. Nimetaka kumtuma Mama, lakini Mama akijua leo, Kikwe nzima itajua kabla ya ibada ya Jumapili. Kwa hiyo ninatuma barua hii na kumwomba Mungu kwa ajili ya kumbukumbu ya kaka Oscar.

Usimpelekee kitu kingine kidogo. Nakusihi.

Halafu, je, ninaweza kuuweka mfano huu katika tasnifu yangu? Msimamizi wangu amecheka mpaka akavua miwani.

Mwanao,
Ndeshi

*

Oldonyo Sambu,
14 Julai 2025

Mpendwa Ndeshi,

Mimi ni mzima. Mahindi yamevunwa, si mabaya. Mama yako hajambo na tayari anajua kila kitu, kwa hiyo nitaeleza kwa ufupi yale aliyoyakosea alipokupigia.

Oscar aliniletea barua yako juzi Jumamosi asubuhi. Ilikuwa chini ya betri ya gari, ina grisi, na muhuri wa posta ya Arusha unaonyesha kwamba ilifika kitambo. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia. Nilipokuwa nayasema, nilisikia lile gari la mizigo, Fuso, likirudi nyuma kuingia kwenye boma la Silantoi.

Niliisoma nimesimama. Niligeuza karatasi kichwa chini miguu juu, kama ulivyoagiza, na nikaona mti juu ya mlima. Ungeandika tangu mwanzo kwamba ni ukuta wa tofali, ningeelewa. Uliandika kwamba ni mistari, na mistari huandikwa kutoka juu. Lakini sikusimama kubishana. Nilivaa koti, nikatoka.

Lerionka alikuwa juu ya Fuso akikaza kamba kwenye kabati. Kitanda kilikuwa kimeshapakiwa, kimelazwa kando yake. Mama yake alikuwa chini, amejifunga shuka kiunoni, akifunga sufuria kwenye gunia.

"Mwalimu," akasema, "leo umeleta nini? Uzi? Maana sindano ninayo."

"Leo sikuleta kitu. Nimekuja kukueleza jambo la mistari sita."

"Lerionka, acha kamba kwanza. Mwalimu amekuja na somo."

Nilimweleza yote, tangu sarafu hadi kondoo, nikiwa nimesimama katikati ya ua na barua yako mkononi. Nilitumia sentensi kamili. Hakunikatiza mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo kile kiberiti kilikuwa cha Wachina?"

"Kiberiti kilikuwa cha dukani kwa Kisioki. Sababu ndiyo ilikuwa ya Wachina."

"Na kikapu changu kilikukosea nini?"

"Kilikuwa kitupu."

"Kilikuwa kitupu kwa sababu viazi vilinunuliwa vyote! Ulitaka nirudi navyo ili ufurahi?" Hapo akaanza kucheka, na mama yako hakukosea kuhusu kicheko hicho. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la sufuria. Kisha akafuta macho. "Mwalimu, babu yangu alikuwa oloiboni, mwaguzi. Watu walitoka mbali kumwona akimwaga mawe kutoka kwenye kibuyu. Walimwuliza habari za mvua, walimwuliza ng'ombe waliopotea. Sijasikia mwanamume aliyekwenda kumwuliza swali ambalo mwenye jibu lake amesimama upande wa pili wa uzio, anakoka moto."

Nilikunja barua yako nikaitia mfukoni. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine.

"Nilikuuliza mwezi wa kwanza unasemaje," akasema. "Huu ni wa saba. Mimi nilidhani chumvi ndiyo jibu. Nikasema, basi, Mwalimu ananiaga taratibu."

Ndeshi, nimesimama mbele ya wakaguzi wa shule, nimesimama mbele ya askofu, na mara zote nilikuwa nimeandika maneno yangu kwanza. Nikamwambia, "Silantoi, usiende Namanga. Naomba nije hapa kwa utaratibu, pamoja na wazee, nikuombe uwe mke wangu."

Kuku walikuwa wanalia, nakumbuka. Dereva wa Fuso alizima redio bila kuombwa.

"Yeyo," Lerionka akamwambia mama yake kutoka juu, "gari hili ni la kukodi."

"Najua ni la kukodi. Shusha kitanda."

"Na kabati?"

"Kabati liende."

"Yeyo, kitanda na kabati ni vya chumba kimoja!"

"Ndiyo maana. Shusha kitanda, kabati liende. Nani amekuambia nimeamua?"

Tulikishusha kitanda sisi wawili, mimi na Lerionka. Hakuniangalia, lakini alishika upande mzito. Fuso likaondoka na kabati peke yake limesimama katikati, likiyumba kila kwenye shimo, na sisi tukabaki tunalitazama mpaka vumbi lilipolifunika.

Nikamwuliza Silantoi ataamua lini.

"Wewe umelifikiria tangu mwezi wa kwanza," akasema. "Mimi nimeanza leo. Na hicho kitabu chako, kikisomwa vizuri, si kinasema taratibu?"

"Ndivyo kinavyosema."

"Basi hizo sarafu ziko wapi?"

Zilikuwa mfukoni mwa koti. Nilimpa zote tatu. Akaenda jikoni, akarudi na kile kiberiti nilichompelekea, ambacho njiti zake zilikuwa zimekwisha, akazitia sarafu ndani, akakifunga, akakipachika kwenye mkunjo wa shuka lake. "Ukitaka kuniuliza kitu," akasema, "njoo uzioni uniulize."

Yale maneno ya watu uliyoyataja yameanza. Jana kanisani mama yako aliketi kiti cha mbele, yeye asiyefika huku ila Pasaka. Baada ya ibada mchungaji alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida akasema, "Mwalimu, nasikia siku hizi unafanya tafsiri." Nikamjibu kwamba ninasahihisha tu. Akasema, "Endelea kusahihisha."

Unaruhusiwa kuutumia mfano huo katika tasnifu yako, bila jina langu, na kwa sharti kwamba ukurasa wa kwanza wa maelekezo uanze na maneno haya mawili: Anza chini. Nimeyapigia mstari. Herufi kubwa umesamehewa, kwa mara hii.

Hali ya sasa ni kwamba kitanda kiko nyumbani mwa Silantoi, kabati liko Namanga, nguo zake ziko kwenye gunia, nami niko upande wangu wa uzio. Kiti changu kinaelekea kwake. Jua halihusiki. Leo asubuhi alipita na kikapu cha viazi kinachomwagika, akakiinamisha kidogo ili nione kwamba kimejaa, akaendelea na safari yake ya sokoni.

Atakapoamua, ama kabati litarudi ama kitanda kitalifuata. Vyovyote itakavyokuwa, nitakuandikia siku hiyohiyo, na barua hiyo sitampa Oscar. Nitaipeleka posta mimi mwenyewe.

Baba yako mkubwa,
Aminieli